Kigunduzi cha tochi: mlio unaokuja umechelewa

Madereva wanauziwa vifaa vinavyodaiwa kuwaonya kabla hawajapigwa tochi ya polisi ya kupima mwendo. Je, fedha hizo zina thamani, au zingefaa kwenda kwingine?

Aliyewahi kununua gari lililotumika kutoka Japani anaijua sauti hiyo. Unawasha gari, na kabla hujafunga mkanda unasikia mwanamke akiongea Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Mara nyingi ni kile kisanduku cha kulipia barabara za huko, kinaeleza kwamba hakina kadi.

Lakini katika baadhi ya magari kumebaki kitu kingine. Ni kioo kidogo kilichobandikwa juu ya dashibodi, waya wake umepenyezwa pembeni hadi chini kwenye tundu la umeme. Kikiwaka kinaonyesha saa, mwendo wa gari na maandishi ambayo mwenye gari mpya hawezi kuyasoma.

Hicho ni kigunduzi cha tochi. Japani vinauzwa madukani bila kificho, na kampuni kama Yupiteru na Cellstar zimejijengea jina kwa biashara hiyo. Ndani yake kuna ramani ya kamera za Japani na antena iliyotengenezwa kunasa mitambo ya polisi wa huko. Kikishushwa bandarini Dar es Salaam kinaendelea kutafuta kamera za Osaka na Nagoya wakati gari linapita Mlandizi.

Hata hivyo, wapo wanaokiona wakajiuliza: kama Wajapani wanacho, kwa nini na mimi nisipate kinachofanya kazi hapa? Wauzaji wa mtandaoni wanalo jibu tayari. Vipo vya bei ya chini kutoka China na vipo vya Marekani vya mamia ya dola, na vyote vinakuja na ahadi ileile, kwamba hutapigwa tochi tena.

Kibao cha 50

Ili kuielewa hamu hiyo, mtu apande gari Dar es Salaam aelekee Morogoro. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese: kila penye makazi pana kibao cha 50, na kila penye kibao cha 50 dereva anajua huenda kuna tochi.

Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo asili yake ni ya mwaka 1973, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Magari makubwa yanayozidi kilo 3,500 na mabasi yana ukomo wa 80 hata nje ya makazi. Faini ya papo hapo ni Sh30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi Sh10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22.

Utaratibu wa kukamata, madereva wanaufahamu kwa moyo. Askari mmoja anakaa na tochi mahali fulani kando ya barabara. Picha ya gari inatumwa kwa simu kwa wenzake walio mbele, nao wanalisimamisha gari lako dakika chache baadaye, ukiwa umeshasahau hata uliendaje pale nyuma. Unaonyeshwa picha: namba yako, mwendo wako, saa.

Madereva nao wana mtandao wao. Ukiona semi linakuja mbele yako linapiga fulu mchana kweupe, shusha mwendo. Kuna makundi ya WhatsApp ya njia kuu karibu zote, ambako mtu anaandika jina la kijiji na neno moja tu, "tochi", na magari yote yaliyo nyuma yake yanatulia.

Malalamiko yao hayakosi msingi. Wanasema tochi inafichwa nyuma ya mti au kichakani, kwamba kibao cha kuingia kwenye 50 kinaonekana lakini cha kutoka kimeanguka au kimefunikwa na majani, na kwamba maeneo mengine yana 50 ndefu isiyo na nyumba hata moja. Halafu lipo hili la faini: aliyezidi kidogo na aliyezidi sana wanalipa kiasi kilekile.

> Aliyepita na 58 na aliyepita na 95 wanaandikiwa faini moja. Hapo ndipo hasira ya dereva inapoanzia.

Kenya walilifikiria hilo. Kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016 zinapanda kwa ngazi: ukizidi kwa kilomita 1 hadi 5 unapewa onyo, 6 hadi 10 ni Sh500 za Kenya, 11 hadi 15 ni Sh3,000, na 16 hadi 20 ni Sh10,000. Faini ya namna hiyo inamwambia dereva uzito wa alichokifanya.

Kwa hiyo mtu anayetaka kununua kigunduzi si lazima awe mhuni wa barabarani. Wengi wamechoka tu kukatwa Sh30,000 kwa kilomita chache. Ni kwao hasa ninaandika, kwa sababu hicho wanachouziwa hakitawasaidia.

Mawimbi na mwale

Jina ni moja, tochi, lakini mitambo ni ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama kigunduzi kina kazi au hakina.

Ya kwanza ni rada. Inatupa mawimbi ya redio, yanagonga gari na kurudi. Unavyosikia honi ya basi ikiwa nyembamba linapokujia na ikawa nzito likishakupita, ndivyo mawimbi hayo yanavyobadilika kutokana na mwendo wa gari. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Rada za polisi duniani hutumia masafa machache yanayojulikana: gigahezi 10.5, gigahezi 24, na yale ya kati ya 33 na 36.

Udhaifu wa rada ni kwamba mawimbi yake yanasambaa. Yanakwenda mbele, yanagonga mabati, vibao na magari mengine, na mabaki yake yanafika mbali kuliko askari anavyoweza kupima. Kigunduzi ni redio inayosikiliza mabaki hayo. Kama askari ameiacha rada yake ikiwaka muda wote na anapima kila gari, kigunduzi kizuri kinaweza kumsikia askari huyo dereva akiwa bado mbali. Huo ndio mchezo uliokijengea jina kifaa hiki Marekani, hasa baada ya ukomo wa kitaifa wa maili 55 kwa saa kuwekwa mwaka 1974.

Lakini askari mwenye rada anaweza pia kuizima na kusubiri. Anaiwasha pale tu gari analolitaka linapomfikia. Kigunduzi hakikuwa na cha kusikia hadi sekunde hiyo, na sekunde hiyo mwendo umeshasomwa.

Aina ya pili ni leza, na hapa ndipo ahadi ya muuzaji inapokwisha.

Tochi ya leza hutupa mwale wa mwanga usioonekana kwa macho, mapigo mengi kwa sekunde. Kila pigo linapima umbali wa gari. Umbali ukipungua kwa kiasi fulani katika muda fulani, mwendo unapatikana. Mwale wenyewe ni mwembamba mno. Kwa mitambo mingi, ukifika mita 300 upana wake ni kama mita moja. Askari anaulenga kwenye kibao cha namba au taa za mbele, na kazi inaisha chini ya sekunde moja.

Sasa fikiria kigunduzi kiko wapi. Kimebandikwa juu kwenye kioo cha mbele, wakati mwale unagonga chini kwenye bampa. Ili kilie, ni lazima mwanga kidogo utawanyike na kukifikia. Ukitawanyika, maana yake umeshagonga gari lako. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Hata dereva mwenye mguu mwepesi kuliko wote hajaigusa breki kabla askari hajapata namba anayoitaka.

> Kwa leza, mlio wa kigunduzi haukuonyi. Unakupa taarifa kwamba umeshapigwa.

Na dereva anayeonyeshwa picha ya gari lake pekee, likiwa limelengwa kutoka mbali katikati ya magari mengine, ajue kwa sehemu kubwa anashughulika na leza yenye kamera. Mtambo wa namna hiyo haumwachii aliye nyuma mawimbi yoyote ya kunasa.

Kuna pia adha ya kelele. Masafa ya gigahezi 24 hayatumiwi na polisi peke yao. Milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe inayatumia. Magari mengi yenye kihisi cha kuonya kuna gari ubavuni mwako nayo yanayatumia. Ukipita mjini kigunduzi kinalia kwa mlango wa duka, kwa gari lililo pembeni, kisha tena kwa mlango mwingine. Siku ya tatu dereva anakipunguza sauti, na siku ya nne hakisikilizi.

Vile vinavyotegemea setilaiti, vyenye orodha ya mahali kamera zilipo, vina mantiki pale kamera zinapofungwa nguzoni na kubaki hapo miaka. Tochi ya mkononi leo iko Mikese, kesho iko kwingine. Hakuna orodha itakayoifuata, na hasa orodha iliyoandaliwa Shenzhen.

Hesabu ya shilingi

Kigunduzi cha heshima cha Marekani kinafika dola 500 na zaidi. Tukihesabu dola moja kwa Sh2,500, hiyo ni Sh1,250,000 kabla ya usafirishaji na kodi. Ni faini 41 za Sh30,000.

Dereva anayepigwa tochi mara 41 hana tatizo la kifaa. Na cha bei rahisi cha makumi machache ya dola, ambacho ndicho wengi watakachonunua, hukosa kwanza kile kinachokifanya cha bei kubwa kiwe na nafuu: uwezo wa kutofautisha rada ya polisi na mlango wa duka.

Upo pia upande wa sheria. Ufaransa ilipiga marufuku vifaa vya kuonya kamera Januari 2012, kwa faini inayoweza kufika euro 1,500. Baada ya hapo vifaa vilivyobaki sokoni vikawa vinamwonyesha dereva "eneo la hatari" tu, urefu wa hadi kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi, bila kumwambia kamera iko mita ngapi. Ujerumani anayekitumia akiwa anaendesha anatozwa euro 75 na pointi moja kwenye leseni. Uingereza mahakama iliamua mwaka 1998 kwamba kuwa nacho si kosa. Marekani majimbo mengi yanaruhusu kwa magari binafsi, lakini Virginia hairuhusu, na malori makubwa ya biashara yamekatazwa nchi nzima.

Polisi wa huko walikuwa na mitambo ya kunasa vigunduzi vyenyewe, kwa kuwa vingi vinavujisha mawimbi yao kidogo. Anayesikiliza naye alikuwa anasikilizwa.

Kwetu, vifaa vya mawasiliano ya redio vinaidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Anayefikiria kukiagiza kimoja aulize TCRA na Polisi kabla hajalipa. Neno la muuzaji halitoshi.

Sofia wa Kigali

Wakati dereva wa Tanzania anahangaika na askari wa kichakani, majirani wamehamia kwenye jambo jingine kabisa. Kigali kamera za barabarani ni nyingi kiasi kwamba wananchi wamezipa jina la mtu: Sofia. Sofia hachoki, haogopi mvua, na hana mwenzake wa mbele wa kukusimamisha. Ujumbe wa faini unaingia kwenye simu.

Mwaka 2021 watu wa Rwanda walilalamika kwa sauti kubwa. Hoja yao ilikuwa kwamba viwango vya mwendo katika baadhi ya barabara vilikuwa chini kupita kiasi, na alama za kumwambia dereva kiwango ni kipi hazikutosha. Malalamiko yalifika kwa Rais Paul Kagame, akajibu hadharani kwenye Twitter kwamba suala linashughulikiwa. Viwango vikarekebishwa, alama zikaongezwa. Kamera zikabaki.

Uganda nayo Juni 2025 ilianzisha mfumo wa kamera zinazosoma namba za magari na kutoza faini zenyewe. Faini zilizua kelele kubwa, na mfumo ukasimamishwa kwa muda mwezi huohuo ili uangaliwe upya.

Mambo mawili yanaonekana hapo. Kwanza, mitambo inayosoma namba za magari kwa kamera haitoi mawimbi ya kunaswa. Kama inapima mwendo wa wastani kati ya nguzo mbili, kigunduzi hakina hata cha kusikiliza. Huko ndiko dunia inakokwenda, na anayenunua kifaa leo ananunua cha barabara za jana. Pili, dereva wa Kigali alipata haki yake kwa kudai kibao.

Hilo ndilo ningependa kuliona kwetu. Kibao cha 50 kilichoanguka kina mwenyewe, na barabara kuu zina Wakala wa Barabara, TANROADS. Chama cha wenye mabasi, chama cha madereva wa malori na mbunge wa eneo wanaweza kuambiwa kwa picha na jina la kijiji: hapa kibao cha kutoka hakipo. Kuhusu tochi ya kichakani, naungana na madereva bila kusita. Askari aliyesimama hadharani akiwa na kizibao chake anapunguza mwendo wa kila gari linalokuja, hata lile ambalo asingelipima. Aliyejificha anakusanya faini, lakini gari lenye kosa limeshapita mbele ya shule kwa mwendo uleule.

Sekunde 54

Tuseme kijiji kina 50 ya kilomita mbili. Anayefuata kibao anaipita kwa dakika mbili na sekunde 24. Anayepita na 80 anatumia dakika moja na nusu. Ameokoa sekunde 54.

Sasa mtoto akikatiza barabara. Tumpe dereva sekunde moja ya kushtuka, breki nzima na lami kavu. Aliyekuwa kwenye 50 anasimama ndani ya mita 28 hivi. Aliyekuwa kwenye 80 anahitaji mita 57. Lakini angalia kinachotokea kwenye ile mita ya 28, pale gari la kwanza limeshasimama: la pili ndiyo kwanza breki zimeanza kushika, na bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

> Pale gari la 50 limeshasimama, gari la 80 bado linakwenda zaidi ya 70.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba hicho ndicho chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Linasema pia kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne.

Nani yuko kando ya barabara yetu? Muuza mahindi ya kuchoma Chalinze, anayekimbilia dirisha la basi. Mwanafunzi anayevuka asubuhi na mapema kabla hakujapambazuka vizuri. Mzee na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Kigunduzi hakina antena ya kuwasikia hao. Kinamfundisha dereva kupunguza mwendo kwa ajili ya askari, na kisipolia anaamini njia ni nyeupe. Hilo ndilo linalonitisha kuliko fedha zitakazopotea.

Fedha ziende wapi

Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeipa Ulaya kamera maarufu ya mwendo, alikuwa dereva wa mashindano na alishinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Chombo chake alikitengeneza kwanza ili ajue mwendo wake mwenyewe kwenye kona. Dereva wetu naye aanzie hapo.

Mshale wa spidi wa magari mengi hausemi ukweli kamili. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa Ulaya na katika magari ya Japani ya miaka ya karibuni, hairuhusu mshale uonyeshe chini ya mwendo halisi. Kwa hiyo gari lililobaki na matairi yake ya asili kwa kawaida linakwenda pungufu kidogo ya linavyoonyesha, na hiyo ni nafuu kwa dereva.

Ila wengi hawakubaki na matairi ya asili. Mtu amenunua Prado au Noah, akaona iko chini, akavalisha matairi makubwa. Tairi la kipenyo cha sentimita 70 likibadilishwa kwa la sentimita 75, mshale unaposema 50 gari linaweza kukaribia 54. Dereva huyo akiapa mbele ya trafiki kwamba alikuwa na 50, hasemi uongo, na picha nayo haisemi uongo. Dawa yake ni kulinganisha mshale na mwendo unaoonyeshwa na simu kwa setilaiti, kwenye barabara iliyonyooka, abiria ndiye awe anasoma. Haina gharama.

Simu hiyohiyo ina Waze, ambayo inaonya kuhusu polisi walioripotiwa na madereva wengine, na hupiga mlio ukizidi ukomo pale inapoujua. Kwa barabara zenye watumiaji wachache haitakuwa na habari nyingi, lakini ni bure.

Kwa mwenye mabasi au malori, kidhibiti mwendo kinachofanya kazi na mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, wa kufuatilia mabasi vimeshachukua nafasi ya kubahatisha: mwendo unaonekana ofisini hata pasipo na askari hata mmoja njiani. Dereva wa basi mwenye kigunduzi anajificha kwa trafiki huku LATRA wanamwona.

Na kama mtu lazima anunue kitu cha kubandika kwenye kioo, anunue kamera ya dashibodi yenye setilaiti. Inarekodi barabara, vibao vilivyopo na visivyopo, saa na mwendo. Siku ukisimamishwa kwa mwendo usiouamini, omba kwa adabu kuonyeshwa picha; angalia namba ni yako, mahali ni wapi, saa ni ngapi. Kama hukubali kosa, sheria inakuruhusu kukataa kulipa papo hapo na kwenda kujieleza mahakamani, na rekodi ya kibao kilichoanguka utaenda nayo mfukoni.